Duara la Inchi Sitini

Don Toribio Caraballo alikuwa na sharti moja tu, na kila aliyewahi kumwalika popote alilijua: hakwenda mahali ambapo hawezi kuingia chooni peke yake na kufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Hakulieleza sharti hilo, wala hakuliombea radhi. Ukija mwaliko wa harusi au wa ubatizo, alimtazama mkewe, Doña Eduviges, naye akamwambia mgeni kwa adabu kwamba Toribio anashukuru sana ila siku hiyo hatakuwa na nafasi. Mgeni alielewa. Alimaliza kahawa yake, akaaga.

Miguu ya Don Toribio ilibaki kwenye mashine za kiwanda cha sukari mwaka 1980, katikati ya mavuno, akiwa na umri wa miaka arobaini. Kabla ya hapo alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya kusagia miwa, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku za kushinda kwenye grisi. Alirudi kutoka hospitali ya mji wa Ponce juu ya kiti cha magurudumu ambacho gurudumu lake la kushoto lililia na kuvuta upande, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwita shemeji yake aje na nyundo. Ukuta kati ya choo na jiko ulisogezwa. Choo kikawa kipana, na jiko likawa finyu hata Doña Eduviges akawa anapika mgongo umegusa jokofu. Majirani walipotania kwamba akina Caraballo wana choo kikubwa kuliko jiko, Doña Eduviges, ambaye alikuwa mwalimu na hakuwa na haja ya kupaza sauti, aliwajibu kwamba kila nyumba huchagua chumba cha kukiheshimu.

Binti yao wa pekee, Awilda, alimaliza sekondari mwaka uliofuata. Choo cha ukumbi wa shule kilikuwa na mlango mwembamba kuliko kiti. Basi Don Toribio alimng'arishia binti yake viatu, akakaa verandani, akamwomba atembee na joho lake mpaka kona ya mtaa na kurudi.

"Taratibu," alimwambia. "Tembea kama unatazamwa na watu mia mbili."

Awilda alitembea. Mbwa wa jirani alimfuata hadi konani na kurudi naye. Baba yake alipiga makofi peke yake, bila kuacha, mpaka binti alipokanyaga ngazi. Ndivyo alivyohudhuria mahafali hayo.

Awilda akasomea uchoraji wa ramani za majengo, akaajiriwa Ponce katika ofisi ya Don Fermín Rullán, msanifu wa majengo aliyejulikana kusini yote ya kisiwa kwa shule na zahanati zake. Enzi hizo ramani zilichorwa kwa mkono juu ya karatasi kubwa. Awilda alikata duara kutoka kwenye boksi la biskuti za soda, akalipima liwe sawasawa na inchi sitini kwa kipimo cha ramani, kwa sababu kiti cha magurudumu kinahitaji inchi sitini kugeuka bila kugonga kitu. Kila alipochora choo aliliweka duara lile sakafuni pa choo, akalizungushia penseli nyepesi, mstari wa vipandevipande. Kama halikukaa, alisogeza ukuta. Wenzake walimwita Awilda wa Biskuti. Kisha ikaja sheria iliyodai hayohayo aliyokuwa akiyafanya, na wale waliomcheka wakaanza kupita mezani kwake kuazima boksi.

Kuhusu mume wake hapana haja ya kusema mengi. Walifunga ndoa uani kwa wazazi wake, padri akaja na vifaa vyake, ili baba awepo. Miaka sita baadaye mume alikwenda Florida kutafuta kazi, na huko akabaki. Awilda alirudi kuishi kwa wazazi wake, na nyumba hiyo haikusikika ikimsema vibaya mtu yule, hata mara moja.

Kompyuta zilipoingia ofisini, wazee wa penseli wengi waliona dunia imewaacha. Awilda alijifunza usiku na mchana, kwa kuwa aliona ndani yake kitu ambacho wenzake hawakukiona. Katika programu ile ya kuchorea huchori choo kila mara upya. Unakitengeneza mara moja, kama mtu achongaye muhuri, halafu unakipandikiza unapotaka. Akakaa miezi mitatu akitengeneza vyoo, masinki ya kunawia, mabomba ya kuogea na meza za mapokezi, na kila kimoja akakizungushia nafasi yake kwa mistari ya vipande: hapa kiti kitasimama, hapa kitageuka, hapa goti litaingia chini ya sinki, hapa mlango usifike. Mistari ile ilikuwa imeshikana na kifaa chenyewe. Ukisogeza choo, nafasi inakwenda nacho. Ukileta ukuta juu ya nafasi, unaona dhahiri umekanyaga. Kwa jicho la mtu mwingine pembeni ya choo ni patupu, sakafu tu. Awilda alitaka kila anayeishika ramani ajue kwamba pale pana mtu.

Mwaka 2013 mji wao mdogo, nusu saa magharibi ya Ponce, uliamua kujenga kituo cha wazee mahali palipokuwa na ofisi za zamani za kiwanda. Ofisi ya Rullán ikaipata kazi, na Don Fermín akampa Awilda. Hakuwahi kuchora jengo kwa furaha namna ile. Jumapili moja alikuja nyumbani na karatasi aliyoichapisha, akaitandaza juu ya meza mbele ya baba yake, kati ya kikombe cha kahawa na domino.

"Hiki ni nini?" Don Toribio aliuliza.

"Choo cha kituo, Papá."

"Watu huwaletea baba zao picha za wajukuu."

"Tazama kwanza." Akamwonyesha mlango, choo, sinki, na duara la vipande katikati.

Don Toribio aliitazama ramani kama alivyokuwa akizitazama za mitambo, kwa kuanzia kwenye vipimo. Kisha akachukua kete ya domino, sita kwa sita, akailaza mlangoni pa ramani. Akaisukuma kwa kidole ikaingia. Akaigeuza ndani ya duara. Akaiegesha kando ya choo, akairudisha, akaigeuza tena, na kwa kidole cha mkono mwingine akaufunga mlango uliochorwa.

"Ninazunguka," alisema.

"Unazunguka, Papá. Na mlango unafunga mwenyewe."

Kisha aliuliza ufunguzi ni lini, na Doña Eduviges, aliyekuwa ukumbini akijifanya anasoma, alikiweka kitabu chini. Kwa miaka thelathini na mitatu hakuwa amemsikia mumewe akiuliza tarehe ya jambo lolote. Karatasi ile Don Toribio hakuirudisha.

Wiki chache baadaye meya alikuwa aje ofisini kuziona ramani. Don Fermín alipita mezani kwa Awilda, miwani juu ya paji la uso.

"Awilda, hii mistari yako. Jengo linaonekana kama limeshikwa na surua."

"Hiyo surua ndiyo sheria, Don Fermín."

"Sheria naijua, usinifundishe. Izime kwa ajili ya mheshimiwa, aone kuta na madirisha yake. Akiondoka iwashe."

Kuizima ilikuwa kubofya mara moja tu. Ila programu ile inalionyesha jengo kwa sura nyingi: ipo sura ambayo mchoraji anafanyia kazi, na ipo sura inayotoka kwenye karatasi, na unachokificha katika moja si lazima kiwe kimefichika katika nyingine. Awilda aliizima mistari katika karatasi zote kwa pamoja. Meya alipoondoka ameridhika, aliiwasha katika sura yake ya kazi, akaendelea. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi alifungua kompyuta na kuliona duara la baba yake mahali pake. Ramani za mafundi zilipochapishwa, karatasi arobaini na mbili, alikagua vipimo, akakagua milango, akakagua maandishi. Duara hakulikagua. Hakuna anayekagua kitu anachokiona kila siku.

Ramani zikaenda, na pembeni ya choo palikuwa peupe.

Msimamizi wa mafundi alikuwa Monserrate Feliú, mtu mwangalifu, mjenzi wa miaka mingi. Kuta alizisimamisha barabara, mkaguzi akapima ukuta kwa ukuta, akatia saini. Mwishoni bomba la maji machafu kutoka darini likakataa kushuka lilipopangiwa kwa kuwa lilikutana na boriti. Ilibidi lishuke mahali pengine na kufunikwa kwa boksi la jipsam. Monserrate alitandaza ramani, akatafuta mahali ambapo halitamsumbua mtu. Akapaona: kona ya choo, sakafu tupu, haina alama yoyote. Boksi likachukua inchi tisa. Alilipaka rangi vizuri sana, rangi ya ukutani, ukipita huwezi kulitambua.

Kituo kilifunguliwa siku ya Jumamosi, mwezi wa tano mwaka 2014. Doña Eduviges alipiga pasi guayabera nyeupe, shati la mumewe la sherehe, mara mbili. Don Toribio alinyolewa na kinyozi aliyeletwa nyumbani, akavaa kofia, akakaa ndani ya gari la Awilda ameshika magoti ambayo hayakuwepo, mazoea ya zamani. Mtaani watu walisimama. Baadhi yao walikuwa wamezaliwa, wakaoa na kuzaa bila kumwona akivuka geti lake.

Kulikuwa na ngoma ya plena, wali wa mbaazi, nyama ya nguruwe ya kuchoma, na kwenye meza ya domino kulikuwa na wanaume watatu wa kiwandani ambao alikuwa mkuu wao. Mmoja wao, Don Lalo, alimtazama akisogea na kiti chake kinacholia, akaziweka kete chini.

"Toribio! Sisi tulidhani umeshakufa, tukakutolea misa."

"Nilisikia. Nikasikia pia kwamba padri mlimlipa kwa ndizi."

"Zilikuwa ndizi nzuri."

"Basi ndiyo maana sikufa. Gawa kete, acha maneno."

Walicheka mpaka watu wakageuka. Awilda alisimama mbali, sahani mkononi, bila kula. Kwa miaka yote hiyo baba yake hakuwa akinywa kitu chochote akijua atatoka, na alitoka kwa daktari tu. Alikaa na midomo mikavu mpaka arudi nyumbani. Siku hiyo aliletewa malta baridi, soda ya shayiri, akainywa yote. Akaletewa ya pili. Kabla ya kuinua chupa alimtafuta binti yake kwa macho ng'ambo ya ukumbi, akaiinua kidogo kuelekea kwake, akanywa.

Baadaye aliziweka kete chini, akasema msiibe, ninarudi, akaelekea chooni peke yake. Awilda hakumfuata. Alijizuia, kwa sababu kutofuatwa ndiko kulikokuwa zawadi yenyewe.

Alipoona dakika zinapita na kete bado zimelala kifudifudi, alikwenda. Yaliyotokea humo si ya kuandikwa yote. Kiti kilikuwa kimeingia na kukwama kati ya choo na ile kona, gurudumu la kushoto limeuma kwenye boksi la jipsam, haliendi mbele wala nyuma. Mlango ulikuwa umegota kwenye mpini wa kiti, umebaki wazi kiasi cha mkono mzima. Don Toribio hakuwa ameita mtu. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kusukuma. Na alikuwa amechelewa. Nje walikuwa wamekwisha kusimama watu wawili wakingoja zamu, na wa tatu anakuja, na macho yao yalikuwa yameshaona kabla hawajayageuza.

"Funga mlango," alisema bila kumtazama.

Awilda alijipenyeza ndani, akausukuma. Akasukuma tena. Ndipo alipoliona boksi, akalipima kwa jicho la miaka thelathini ya kazi, na akajua. Aliiona waziwazi karatasi nyeupe ambayo haikuwa na duara.

"Awilda. Funga mlango."

"Haufungi, Papá."

Basi akatoka, akageuka, akasimama kwenye ule uwazi, mgongo kwa baba yake, akatandaza sketi yake kwa mikono miwili kutoka mwimo hadi mwimo. Watu waliokuwa wakingoja aliwaambia choo kimeharibika. Alisimama hivyo mpaka Doña Eduviges alipofika na kitambaa cha meza. Walimtoa kwa mlango wa jikoni. Kitambaa kilikuwa cha sherehe, kina maua ya flamboyán yaliyotariziwa, na kilimfunika kuanzia kiunoni.

Njiani alisema jambo moja tu. "Chumba kile ulikichora wewe?"

"Ndiyo, Papá."

"Usimwambie mtu."

Awilda hakujua, na hakuja kujua, kama baba yake alikuwa akimlinda yeye au akijilinda mwenyewe. Don Lalo na wenzake walikuja nyumbani Jumapili na kete zao. Doña Eduviges aliwakirimu verandani, akawaambia Toribio anashukuru sana ila hana nafasi. Walikuja Jumapili nne. Hakutoka tena hata verandani. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata alilala mchana baada ya chakula, hakuamka, na daktari akaandika moyo.

Wakati wakipanga vitu vyake, Awilda alikuta kwenye droo ya meza ya kitandani ile karatasi, imekunjwa mara nne. Duara lilikuwepo. Pembeni palikuwa na alama ya kikombe cha kahawa, na katikati karatasi ilikuwa imechakaa na kung'aa mahali ambapo kete imesukumwa na kugeuzwa mara nyingi, si mara ile moja tu. Alikuwa akifanya mazoezi.

Choo cha kituo kiliendelea kuwa kilivyo. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, mwenye kiti kama cha marehemu, alikuwa haendi kituoni, na watu walisema ni maringo. Awilda alimwambia mama yake kwamba anataka ukuta urekebishwe, na kwamba itabidi malalamiko yaandikwe mjini, yaeleze lililotokea siku ya ufunguzi.

Doña Eduviges alikuwa akimenya ndizi mbichi kwenye lile jiko finyu. Hakugeuka.

"Hapana."

"Mami, bila malalamiko hawatavunja kitu."

"Baba yako aliendesha mitambo ya kiwanda kizima. Wanaume mia tatu walimwamkia kwa kuvua kofia. Unataka jina lake likae kwenye faili la manispaa, na chini yake liandikwe lile? Makarani wasome na kahawa zao?"

"Walioona wapo."

"Walioona wana adabu, wamenyamaza. Karatasi haina adabu." Akaukata mkia wa ndizi. "Nikiwa hai, hapana."

Awilda aliona kwamba mama yake ana haki, na kwamba ukuta nao lazima uvunjwe. Alikaa na mambo hayo mawili wiki nzima. Mjini tayari kulikuwa na minong'ono kwamba Monserrate Feliú hujenga ovyo, na kazi ya shule aliyokuwa akiitarajia ilikuwa imepewa mtu mwingine. Monserrate hakuwa amejitetea. Angejiteteaje, wakati ramani ilimwonyesha patupu naye akapatumia?

Jumatatu Awilda aliingia kwa Don Fermín na barua iliyochapwa. Ilieleza kwamba choo cha kituo cha wazee hakitoshi kiti cha magurudumu. Kwamba mistari ya nafasi ilizimwa kwenye ramani za mafundi. Kwamba aliyeizima na kusahau kuiwasha ni Awilda Caraballo, mchoraji. Kwamba fundi hana kosa. Don Fermín aliisoma amesimama.

"Nilikwambia mimi uizime."

"Uliniambia pia niiwashe."

"Awilda, tulia. Tuseme fundi alibadilisha bila idhini. Na kweli alibadilisha. Inatosha."

"Alitafuta mahali ambapo hapana mtu. Mimi ndiye niliyemfuta mtu."

Don Fermín alivua miwani, akayafikicha macho. "Ukiituma hii, hakuna ofisi kusini hii itakayokupa tena ramani uitie mkono. Miaka thelathini na moja. Hata mimi nitashindwa, meya atataka kuona nimefanya kitu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Na wakikuuliza nani kalalamika?"

"Hakuna aliyelalamika. Nilikwenda kupima, nikaona."

Ilikwenda kama alivyosema Don Fermín. Manispaa ilishukuru kwa maandishi. Don Fermín alimpa barua nzuri ya kumuaga, na siku ya mwisho alimsindikiza mpaka kwenye gari akiwa amembebea lile boksi la biskuti, ambalo duara lake lilikuwa bado limo. Gazeti la mkoa liliandika mistari michache: kosa la mchoraji, jina lake, kiasi cha ukarabati. Sokoni kuna waliosema ndiyo hayo, mwanamke na kompyuta. Wengine walisema afadhali baba yake hakuishi kuliona jina la Caraballo likichafuka hivyo. Awilda alikuwa amesimama hapo na mfuko wa viazi vikuu. Alilipa, akaenda zake.

Doña Eduviges alilisoma gazeti lile mara mbili, akalikunja. Alitafuta jina la mumewe hakuliona.

"Umelitoa lako," alisema.

"Lilikuwa na kosa, Mami. La Papá halikuwa nalo."

Mama aliingia chumbani, na Awilda akasikia mlango wa kabati. Alirudi akikisukuma kiti cha magurudumu, kile kilichokuwa kimefunikwa shuka tangu mazishi, ambacho parokia ilikuwa imekiomba mara mbili akakataa kukitoa.

"Wanamaliza lini?"

"Ijumaa."

"Basi utakwenda kupima na hiki. Si na utepe."

Ijumaa walikwenda wote wawili. Kituo kilikuwa kitupu, harufu ya rangi mbichi. Boksi lilikuwa limevunjwa na bomba limepitishwa kwenye stoo ya mafagio, upande wa pili wa ukuta. Monserrate Feliú, aliyefanya kazi ile bila malipo na bila kuulizwa, alivua kofia, akamwamkia Doña Eduviges, akatoka nje kuwaachia nafasi.

Awilda alikisukuma kiti mpaka mlangoni. Akasimama. Kisha akaketi ndani yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata utotoni, kwa sababu baba hakupenda kiti chake kichezewe. Akashika magurudumu. La kushoto likalia, likavuta upande, akalirudisha. Aliingia. Alizunguka taratibu, duara zima, vidole vyake havikugusa ukuta wowote. Akaegesha kando ya choo, akarudi, akazunguka tena. Akanyoosha mkono, akausukuma mlango, ukaenda wenyewe mpaka mwisho, komeo likaingia.

Kutoka nje ikaja sauti ya mama yake, karibu sana na ubao.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Peke yako?"

"Peke yangu, Mami."

Doña Eduviges alingoja. Alimsikia binti yake humo ndani akianza kulia kwa sauti ya chini, na gurudumu nalo likilia kidogo kila alipotikisika.

"Haya, kaa," alisema. "Kaa upendavyo. Hakuna anayekuona."

Akaugeukia ukumbi mtupu, akauegemeza mgongo wake mlangoni, akaishika sketi yake pande zote mbili, akasimama hapo kungoja.